Maswali ya Wasomaji: Ngozi, Nywele na Umri Unaosonga

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: sura iliyosifiwa zamani haisifiwi tena, mwili nao umebadilika, sasa mtu ashike lipi? Tumezifupisha barua na majina tumeyaacha.

SWALI: Nina miaka 47. Nilianza kujichubua nikiwa na miaka ishirini na kidogo, wakati ambao msichana mweusi hakuwekwa mbele hata kwenye picha. Leo mabinti zangu wanajivunia weusi wao na mimi ndiye ninayeonekana kituko: mashavuni nina mabaka ya bluu iliyokolea, viungo vya vidole vimebaki vyeusi, na nikiacha mkorogo siku tatu tu uso unawaka moto. Nirudi vipi kwenye rangi yangu?

JIBU: Dada, jibu linategemea kilichomo ndani ya kopo, kwa hiyo lisome kabla hujalitupa. Mkorogo huwa na kimoja kati ya vitu vitatu, mara nyingine vyote vitatu kwa pamoja, na kila kimoja kina namna yake ya kuachwa.

Zebaki iachwe leo hii. Kwenye lebo hujitokeza kwa majina kama mercury, calomel au alama ya Hg. Hata jina likifichwa, onyo la kutoruhusu krimu iguse vito vya dhahabu, fedha au vyombo vya alumini linaisaliti, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo. Inapenya ngozi na kuumiza figo, na mvuke wake hukaa kwenye taulo na mashuka, hivyo hata mtoto asiyejipaka huuvuta. Kopo lifungwe ndani ya mfuko, lisichomwe moto. Kisha mwombe daktari apime mkojo, aangalie zebaki na protini. Miguu kuvimba au mkojo kutoa povu jingi ni ishara kwamba figo zimeguswa. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulikataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni, lakini makopo yanaendelea kuuzwa, basi usiseme “ingekuwa mbaya isingekuwa dukani”.

Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, nayo huachwa mara moja, haina haja ya kupunguzwa polepole. Mabaka ya bluu kwenye mifupa ya mashavu yanafanana sana na okronosisi, yaani rangi iliyojikusanya kwenye tabaka la chini la ngozi baada ya miaka ya kutumia dawa hiyo. Hapa ndipo wengi wanaponasa. Mtu anaona weusi, anadhani mkorogo umepungua nguvu, anaongeza, na weusi unazidi. Mabaka hayo hufifia kwa miezi na miaka, mengine hayaishi kabisa. Leza huyapunguza kwa baadhi ya watu, lakini kwenye ngozi nyeusi leza isiyo ya aina yake huacha doa jipya, kwa hiyo usiikimbilie kwa mtu asiyezoea ngozi kama yako.

Kinachouwasha uso wako moto ni cha tatu: steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, mara nyingi klobetasoli au betamethasoni. Ngozi imeizoea na inaidai. Ukiikata ghafla, mishipa midogo hutanuka, uso unakuwa mwekundu au wa zambarau, vipele vinafumka, unakosa usingizi, na siku ya nne unalirudia kopo. Kwa mtu aliyepaka usoni peke yake, daktari wa ngozi humhamishia kwenye steroidi hafifu, kwa kawaida haidrokotisoni ya asilimia 1, mara moja kwa siku kwa wiki mbili hivi, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, kisha mara mbili kwa wiki, mwisho inaachwa. Ukiona moto umerudi, unakaa kwenye hatua uliyofikia wiki moja zaidi, hurudi mwanzo.

Aliyepaka mwili mzima kwa miezi au miaka asijaribu hilo nyumbani. Steroidi iliyopenya kwa wingi huzilaza tezi za adrenali, na ikikatwa ghafla mtu anaweza kutapika, kupata kizunguzungu na kushuka presha hadi kuzimia. Anahitaji kipimo cha damu cha kotisoli, homoni ya tezi hizo, hutolewa asubuhi, pamoja na cha sukari na presha. Na kama una upasuaji mbele yako, mwambie daktari mapema ulichokuwa unapaka: ngozi iliyokonda hushika nyuzi vibaya na kidonda huchelewa kufunga.

Wakati huo wote, uso unahitaji vitu vitatu tu: sabuni laini isiyo na harufu, mafuta mazito kama vaselini wakati ngozi bado ina unyevu, na krimu ya kukinga jua. Acha ndimu, acha skrabu, acha “krimu ya kurudisha weusi”. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zilikandamizwa, hazikufa. Zikiachiwa zinaamka zenyewe, ila haziamki zote siku moja, ndiyo maana miezi ya mwanzo uso huwa wa viraka. Viraka hivyo vinatisha, lakini ni sehemu ya kupona.

SWALI: Bibi alisifiwa kwa unene, mama kwa kiuno, mimi nikaambiwa nikonde, na sasa wadogo zangu wanaweka akiba wakaongezwe makalio. Nani hasa huamua?

JIBU: Hakuna anayeketi kuamua, ila ukifuatilia mabadiliko hayo utaona mkondo wake: kinachosifiwa mara nyingi ni kile ambacho wengi hawakipati. Chakula kikiwa haba, unene ni utajiri. Sanamu ndogo ya Willendorf, ya sentimita 11, iliyofukuliwa Austria mwaka 1908, ina umri wa takriban miaka 25,000 hadi 30,000, na mwanamke wake ana tumbo, matiti na mapaja ya kujaa mkono. Rubens, mchoraji aliyefariki 1640, naye aliwachora warembo wake wakiwa na mikunjo ya nyama kiunoni bila kuona haya. Chakula kilipokuwa rahisi kupatikana, wembamba ndio ukawa kazi ngumu, nao ukapanda bei.

Rangi nayo ni hivyo hivyo. Ulaya, wakati wafanyakazi wengi walikuwa mashambani, weupe ulimaanisha kwamba hufanyi kazi juani, na wanawake wakajipaka weupe wa madini ya risasi uliowatia sumu polepole. Kazi zilipohamia viwandani na maofisini, tangu miaka ya 1920 ngozi iliyoungua jua ikawa ndiyo dalili ya mtu mwenye likizo. Miaka hiyo hiyo kifua bapa na nywele fupi vikaingia, baada ya karne ambayo wanawake walibanwa mbavu kwa koseti, vazi gumu la kubana kiuno, hadi pumzi ikawa fupi. Mwaka 1966 Uingereza ikampandisha mwanamitindo Twiggy, msichana wa miaka 16 mwenye mwili wa mtoto, na wanawake wa miaka arobaini wakaanza kujipima naye.

Mitindo hii sasa inapita ndani ya miaka kumi, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa hiyo kipimo chetu ni kimoja: je, hiki ninachotaka kukifanya kinarudishwa? Nywele hukua, rangi ya kucha hufutwa, nguo hubadilishwa. Makalio ya kuongezwa hayako kwenye kundi hilo. Daktari huchukua mafuta tumboni na kuyasukuma makalioni kwa bomba. Bomba likizama kwenye msuli, mafuta yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu yakaenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu, na mgonjwa hufia pale pale mezani. Mwaka 2017 kikosi kazi cha madaktari wa upasuaji wa urembo kilikadiria kifo kimoja kwa kila operesheni 3,000 hivi, kiwango kikubwa mno kwa upasuaji wa kujitakia. Tangu hapo wamekubaliana kwamba mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, juu ya msuli. Wadogo zako wakishikilia, wamuulize daktari swali hilo moja, na kama anatumia altrasaundi kuona ncha ya bomba ilipo. Sindano za silikoni ya maji hazina hata mjadala: huhama, huvimbisha, na hazitolewi zikaisha.

SWALI: Nina miaka 39, ngozi yangu ni nyeusi. Nimeambiwa weusi hawahitaji krimu ya jua. Wakati huohuo kabati langu limejaa makopo ya kuzuia makunyanzi na sioni tofauti. Nibakishe nini?

JIBU: Bakisha makopo matatu, na la kwanza ni hilo la jua.

Ni kweli melanini inakinga. Ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili inayokaribia SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), ilhali nyeupe ni kama 3. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwako. Lakini kinachowazeesha weusi kwanza si makunyanzi, ni madoa na rangi kutokuwa sawa, na hayo huletwa na miale ya jua iitwayo UVA pamoja na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kioo cha dirisha huzuia UVB inayounguza na kuachia sehemu kubwa ya UVA, kwa hiyo anayekaa dirishani au kwenye usukani naye yumo.

SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Tatizo ni kiasi: kipimo cha maabara ni miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi hupaka nusu au robo ya hapo, hivyo kinga iliyoandikwa kwenye kopo hawaipati. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili mirefu juu ya kidole cha shahada na cha kati, toka kwenye shina hadi ncha. Ukiona ni nyingi mno, paka mstari wa kwanza, subiri ikauke, paka wa pili. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Ikiwa unapata madoa ya mashavuni yanayorudi rudi, chukua yenye rangi ya ngozi: rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na ndiyo inayozuia mwanga wa kawaida, kazi ambayo krimu nyeupe haiifanyi vizuri. Tena haikuachi na ule mpauko wa majivu.

Kopo la pili ni tretinoini, au retinoli ambayo ni dhaifu zaidi. Tretinoini iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kama dawa ya chunusi, ndipo wagonjwa wakaonekana ngozi zao zinalainika. Imechunguzwa kwa miongo mingi na inachochea kweli kolajeni, protini inayoikaza ngozi. Anza na asilimia 0.025, usiku, uso ukiwa mkavu dakika 20 baada ya kunawa. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima. Ukwepe pembe za macho, pua na mdomo. Wiki mbili za kwanza iwe mara mbili kwa wiki, kisha ongeza usiku mmoja mmoja. Wengi huharibu hapa kwa haraka: ngozi ikichubuka na kuwasha, kwa mtu mweusi kila muwasho huacha doa, na doa hilo hukaa miezi. Ikichubuka, pumzika siku tatu na upake mafuta ya kawaida chini yake. Matokeo ya rangi huonekana wiki ya 12, ya makunyanzi miezi sita. Ukiwa mjamzito au unatafuta mimba, usiiguse.

La tatu ni mafuta ya kulainisha, yoyote usiyoyachukia. Kolajeni ya kupaka unaweza kuitoa kabatini. Ni molekuli kubwa, haipiti kwenye ngozi. Inalainisha juu juu tu kama mafuta mengine.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Anataka krimu za “kuzuia uzee” na anasema pua yake ni kubwa. Pua yake haina tatizo lolote!

JIBU: Mama, tuanze na pua kwa sababu ina jibu la vipimo. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, kilicho karibu nayo hukuzwa kuliko kilicho mbali. Hesabu zilizochapishwa na madaktari wa Marekani mwaka 2018 zilionyesha kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Kaeni naye, mpige picha moja kwa mkono ulionyooka nusu, nyingine ukiwa umerudi nyuma mita moja na nusu, kisha kata ya pili uso ulingane kwa ukubwa. Aziweke sambamba. Hiyo inafanya kazi kuliko kumwambia “wewe mzuri” mara mia.

Krimu mnyime bila kusita. Ngozi ya miaka 13 inajifanya upya yenyewe na haina upungufu wa kolajeni. Retinoli na asidi za kumenya zinavunja utando wa juu unaoshika maji, na matokeo yake ni ukurutu, muwasho na madoa ambayo hakuwa nayo. Apewe sabuni laini, mafuta mepesi na krimu ya jua, basi. Kama ana chunusi kweli, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 mara moja kwa siku. Mwonye tu kwamba inabandua rangi ya taulo na mito. Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni mezani: akianza kukwepa kula na wenzake, au hedhi iliyokwisha kuanza ikakatika, hapo si suala la urembo tena, apelekwe kwa daktari mapema.

SWALI: Nina miaka 55, nimechoka kupaka nywele rangi nyeusi kila wiki tatu, na mara ya mwisho paji la uso lilivimba. Nataka kuachia mvi lakini naogopa ule mpaka wa rangi mbili.

JIBU: Kuvimba huko ndiko kunakukatia shauri. Rangi nyingi nyeusi zina parafenilenidiamini, kifupi PPD, na mwili ukishaikataa mara moja haukubali tena. Kila safari huwa mbaya kuliko iliyotangulia, hadi macho kufumba na pumzi kubana. Sasa kaa mbali nayo, pamoja na piko ya kuchorea mikononi, kwa sababu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo PPD bila kipimo. Hina halisi kwenye ngozi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia na huchukua saa nyingi. Inayotoa weusi ndani ya nusu saa ina kitu kingine ndani.

Kuhusu mpaka: nywele hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, au kupita kidogo. Mwenye nywele za sentimita 20 anatazama mwaka mmoja na nusu, au mkasi. Njia ya katikati ni kupunguza hadi sentimita tano au sita na kusuka misuko ya kuchanganya rangi, nyeusi na fedha, kwa miezi minne, ukifumua na kusuka upya kabla wiki nane hazijapita. Mpaka unapotea ndani ya msuko. Kuna wanaotaka kubandua rangi ya zamani kwa bleachi ili ilingane na mvi. Kwa nywele za kipilipili hatushauri, zinakatika palepale kwenye mpaka. Mvi zikigeuka manjano, shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki, dakika tatu, si zaidi, la sivyo utatoka na urujuani.

Na kwa msomaji ambaye bado anapaka: tone nyuma ya sikio, usubiri saa 48, kila unapobadilisha aina. Mzio wa PPD hauji papo hapo, ndiyo maana wanaosubiri dakika kumi wanadanganyika.

SWALI: Nywele za pembeni zimekwisha, na katikati ya utosi panachoma. Nasuka rasta tangu shule.

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye. Pembeni ni nywele kuvutwa. Ukiangalia kwa karibu utaona vinyweleo vifupi vimebaki mstari wa mbele kabisa, kwa sababu vilikuwa vifupi mno kushikwa na msusi, na nyuma yao ndipo penye upara. Hicho ni kitambulisho chake. Msuko unaouma usiku wa kwanza au unaotoa vipele kwenye paji ufumuliwe usiku huohuo. Kumeza dawa ya maumivu ulale nao ndiyo njia ya kupoteza mizizi. Rasta zisizidi wiki nane, zisiwe nzito, na zisisukwe juu ya nywele zilizowekwa dawa karibuni. Wigi badala ya rasta linasaidia ikiwa halina gundi wala mkanda unaobana palepale. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2, mililita moja asubuhi na moja jioni, hurudisha nywele kama mizizi ipo. Wiki za mwanzo huzidi kunyonyoka, wengi huitupa hapo. Ipe miezi minne hadi sita.

Utosi unaochoma ni habari nyingine. Upara unaoanzia katikati ukatanuka kama duara, wenye kuchoma, kuwasha au kuuma ukiguswa, mara nyingi ni ugonjwa wa kovu: uvimbe unaua mizizi na ngozi inabaki laini, inang'aa, bila tundu la unywele. Palipong'aa hapaoti. Kinachookolewa ni kilichobaki, kwa hiyo nenda kwa daktari wa ngozi mwezi huu, kabla hujajaribu mafuta ya mtu yeyote. Anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi akipime.

SWALI: Hedhi ilikoma mwaka jana, nina miaka 53. Sijabadili ninachokula lakini kiuno kimepotea, ngozi imekuwa karatasi, kidevuni naota ndevu, na faraghani ni maumivu. Je, nimezeeka ghafla?

JIBU: Si wewe peke yako unayeona ghafla. Wastani wa umri wa kukoma hedhi ni kama miaka 51, na ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake ndani ya miaka mitano ya kwanza baada ya hapo, kisha kasi hupungua. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka, mafuta yaliyokaa mapajani huhamia tumboni, na homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, hukosa wa kuzituliza: ndiyo ndevu hizo. Zing'oe au zikate kwa uzi, hazitaongezeka kwa kung'olewa.

Kiuno kipime kwa futi, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, kupita sentimita 80 ni onyo la sukari na moyo, kupita 88 ni onyo kubwa. Njaa peke yake haitakirudisha, kwa sababu kinachopotea umri huu ni msuli, na ukijinyima chakula unapoteza msuli zaidi. Sura hulegea na mgongo huinama, ndipo mtu anaonekana mzee kuliko miaka yake. Jipime hivi: kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mikono ukiikunja kifuani, usimame na kuketi kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufika mara 12 yuko chini ya wenzake. Wewe mdogo zaidi, unatakiwa upite. Mazoezi yenyewe ni hayohayo: kusimama na kuketi mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu, pamoja na kusukuma ukuta na kunyanyua kitu kizito, siku mbili au tatu kwa wiki. Mara mbili za mwisho zikiwa nyepesi, ongeza uzito. Protini iwe gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku, igawanywe kwenye milo yote. Wenye ugonjwa wa figo wamuulize daktari kwanza.

Maumivu ya faraghani yana tiba na hayahitaji kuvumiliwa. Kilainishi cha maji wakati wa tendo, na krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu. Vidonge au viraka vya homoni ni kwa joto la ghafla na mifupa, huanzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Kwa ajili ya ngozi pekee havianzishwi. Na damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, ni safari ya hospitali wiki hiyohiyo.

SWALI: Vidutu vyeusi vimejaa mashavuni na shingoni kama nilivyomwona mama. Vitolewe?

JIBU: Havina madhara, hurithiwa, na huongezeka na umri. Ukitaka vitolewe, daktari huvichoma kwa umeme mdogo. Atoe vitatu au vinne pembeni kwanza, usubiri miezi miwili uone doa au kovu. Mwenye historia ya makovu ya kuvimba afikirie mara mbili. Dawa ya majimaji ya kuunguza inayopakwa kwa kijiti huacha shimo jeupe. Chunguza badala yake nyayo, viganja na kucha: mstari mweusi wa ukucha unaotanuka, au doa la unyayoni linalobadilika, ndiyo sura ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, kwa watu weusi. Bob Marley alifariki 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

SWALI: Sindano za usoni je?

JIBU: Botoksi hulegeza msuli, huonekana ndani ya wiki mbili, hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha uso unarudi ulivyokuwa. Ikichomwa vibaya kope huanguka kwa wiki kadhaa, nayo huondoka. Filia, sindano ya kujaza mikunjo, ndiyo ya kuogopa zaidi: ikiingia mshipani huziba damu, ngozi hufa au jicho hupofuka. Chagua ya asidi ya hailuroniki peke yake, na kabla ya kulala kitandani omba uonyeshwe kichupa cha hailuronidasi, dawa ya kuiyeyusha. Kisipokuwepo chumbani, vaa viatu uondoke.

SWALI: Mimi ni bibi wa miaka 68, napenda rangi ya mdomo na sitaiacha. Lakini inachuruzika kwenye mikunjo na poda inanifanya nionekane nimepakwa unga.

JIBU: Shikamoo bibi, usiiache. Poda ndiyo ya kupunguza: inajikusanya kwenye mikunjo na kuichora. Paka mafuta, subiri dakika tano, kisha fondesheni ya maji kidogo pale penye madoa tu, na poda kwenye pua na paji peke yake, kwa brashi. Mdomo uwe mkavu, futa mafuta yote kwanza. Zungushia kalamu ya nta isiyo na rangi nje kidogo ya ukingo, hiyo ndiyo inayozuia kuchuruzika, kisha kalamu ya rangi ya mdomo wako ndani ya ukingo. Rangi yenyewe iwe isiyong'aa. Ianzie katikati ya mdomo kwa kidole ikielekea pembeni, ubane karatasi laini, upake mara ya pili. Nyusi zilizopungua zijazwe kwa vistari vifupi vya rangi hafifu kuliko nywele, maana nyusi nyeusi tii juu ya mvi hukaza uso. Fanya haya mbele ya dirisha, kwa kioo cha kukuza mara tano, kisha ujitazame tena kwa kioo cha kawaida ukiwa umerudi hatua mbili, kwani kile cha kukuza kitakufanya upake mno.